UZI: Mji mdogo wa Czech wenye jina la muuaji, na watu wanaenda kuhiji pale alipomuulia kaka yake

Mlevi wa Ulanzi (mleta uzi)

Wakuu habari za mida hii. Niliahidi kwenye ule uzi wa walioko Ulaya kwamba nitaleta stori ya Stará Boleslav halafu nikaingia mitini, shifti za usiku zilinibana. Leo niko off, mvua nje, chai ipo, naandika. Itakuwa ndefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Nianze na nilivyoifahamu. Mwaka wangu wa kwanza Prague, nafanya kazi ghalani, jamaa mmoja Mcheki akaniambia kesho usije hakuna kazi, sikukuu. Ya nini? Ya Václav. Václav ndo nani? Akanishangaa kweli kweli, akaniambia "yule wa kwenye farasi". Sasa walioko Prague wanajua, pale mjini kwenye uwanja mkubwa kuna sanamu ya jamaa kapanda farasi, watu wote wakitaka kukutana wanaambiana "tukutane kwa farasi", na mimi nilishakutana na watu pale mara mia bila kujua aliyepanda ni nani. Kumbe ndo huyo huyo ambaye kwenye kalenda ya kanisa kule nyumbani anaitwa Mt. Wenseslaus, tarehe 28 Septemba. Jamaa akaniongezea, kama unataka kujua mambo yake nenda Boleslav, ndiko alikouawa.

Asubuhi nikaenda. Nikakata tiketi ya Boleslav, nikakaa dirishani, nikasinzia. Nimeshuka naona mabango ya Škoda kila kona, kiwanda kikubwa mpaka macho yanachoka, hakuna hata harufu ya uvumba. Namuonyesha mama mmoja simu, akacheka mpaka akashika mbavu. Nimeenda MLADÁ Boleslav, Boleslav changa, mji wa magari. Ninayoitafuta ni STARÁ, ile ya zamani, kilomita kama 25 tu kutoka Prague, na mimi nimeshaipita mbali. Siku ikawa imekufa hivyo. Nimekwenda vizuri mwaka uliofuata.

Nimekaa nafasi ya kwanza, naendelea chini.

Kidawa wa Makorora

Kambi nimepiga hapa. Ila uzi bila picha haunogi mkuu.

Mlevi wa Ulanzi

Dada yangu, simu ile ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia, picha zilienda nayo. Nitawachorea kwa maneno.

Haya. Kwanza jina lenyewe. Boleslav ni jina la mtu. Huyo mtu ndiye mdogo wake Václav, na ndiye aliyemuua. Yaani mahujaji wanabeba rozari, wanaimba njia nzima kumuenzi marehemu, halafu wakifika wanasoma kwenye kibao jina la aliyemmaliza. Mimi hiki kitu kilinikaa kichwani mpaka leo na ndo sababu ya kuleta uzi.

Václav kazaliwa kama mwaka 907. Hakuwa mfalme, cheo chake tungesema mtemi, mtawala wa Wacheki pale Prague. Baba yao Vratislav, mama yao Drahomíra. Aliyemlea kwenye ukristo ni bibi yake, Ludmila. Mkwe na mama mkwe hawakuivana, na hapa usifikirie ugomvi wa jikoni, mwaka 921 watu wa Drahomíra walimfuata bibi kwenye ngome ya Tetín wakamnyonga. Bibi naye ni mtakatifu. Familia moja, wafiadini wawili, na wote wameuliwa na ndugu.

Václav akaja kutawala. Upande wa magharibi kuna Wajerumani chini ya Henry wa Saksonia, wana nguvu, wanataka watu wapige magoti. Mwaka 929 Henry akafika mpaka Prague na jeshi, Václav akakubali kuwa chini yake. Kuna mwandishi wa zamani, Cosmas, padri wa Prague aliyekufa 1125, anataja kodi ya ng'ombe 120 na marka 500 za fedha kila mwaka ambayo Wacheki walidaiwa toka enzi. Ng'ombe 120 waliochaguliwa wakuu, sio wale wa kukonda.

Mdogo mtu hakupenda. Huku na dini, huku na siasa, huku na tamaa ya kiti, kila mwanahistoria anavuta kwake. Ikafika Septemba 935.

Pasta wa Lubumbashi

Yambo ndugu. Mie niko Brno. Nakumbusha tu vitabu vingine vinaandika 929, ndio maana walisherehekea miaka elfu moja mwaka 1929, na kanisa kubwa la Prague wakalimalizia kwa ajili hiyo. Siku hizi wengi wanashika 935.

Mlevi wa Ulanzi

Asante mzee, hapo umenisaidia, kuna mtu angekuja kunirarua.

Basi tarehe 27 ni sikukuu ya Kosma na Damiano. Boleslav ana ngome yake, ana kanisa la hao watakatifu, akamwalika kaka yake: njoo tusali, tule, tunywe. Václav akaja. Masimulizi ya zamani yanasema usiku ule kuna mtu alimnong'oneza toroka, farasi yuko tayari. Akagoma. Badala yake akanyanyua kikombe mbele ya wote akanywa kwa heshima ya Malaika Mikaeli. Mimi hapo huwa nasimama. Mtu kaambiwa anauliwa, anasema leta kikombe.

Alfajiri kengele ya sala imelia, anaenda kanisani, anamkuta mdogo wake getini. Anamwambia, ndugu yangu jana ulitukirimu vizuri. Boleslav anamjibu leo nitakukirimu vizuri zaidi, anachomoa upanga. Pigo la kwanza halikuingia. Václav akamkamata, akamwangusha chini, upanga ukawa mkononi mwake, angeweza kummaliza palepale. Akamwacha akakimbilia kanisani. Padri akafunga mlango. Watu wa Boleslav wakamkuta amebaki mlangoni, mmoja anayeitwa Hněvsa akamchoma ubavuni. Inasemekana alishikilia pete ya mlango mpaka roho inatoka, na pete yenye kichwa cha simba wanayosema ndiyo hiyo iko Prague, kanisa la Mt. Vito. Damu ya ukutani wakaosha, ikarudi, wakaosha, ikarudi.

Jongwe la Chalinze

Huyo padri aliyefunga mlango ndo mbaya kuliko wote. Hata jina lake silitaki.

Otieno Kibandaski

Wueh. Manze hiyo ni Kaini na Abeli live. Sasa Boleslav alifanywa nini? Alinyongwa?

Mlevi wa Ulanzi

Alinyongwa wapi. Alitawala zaidi ya miaka 30 😂

Na ndo utamu wa hii stori. Boleslav wanamuita Mkatili, lakini nchi unayoiona leo yeye ndiye aliyeisimamisha. Kodi kwa Wajerumani akakata, akapigana na Otto, mtoto wa yule Henry, miaka 14 mpaka 950 alipokubali yaishe, 955 akapeleka vikosi kwenye vita ya Lechfeld kuwapiga Wahungari akiwa upande wa huyo huyo Otto. Sarafu za fedha za kwanza za Wacheki ni zake. Binti yake Doubravka akaolewa na Mieszko wa Poland, na mwaka 966 Mieszko akabatizwa, kwa hiyo hata ukristo wa Poland umepitia nyumba ya muuaji. Cosmas anasimulia ngome ya Boleslav aliijengesha ukuta wa mawe kwa mtindo wa Kirumi, wazee wakasema hatujui kazi hiyo na hatuitaki, akamsogelea mmoja akamkata kichwa, waliobaki wakajua kujenga siku hiyohiyo.

Halafu mwili wa kaka yake akauhamishia Prague mwenyewe. Toba au siasa, amueni wenyewe. Marehemu akiwa mtakatifu ni faida kwa ukoo wote.

Fundi Cherehani

Siasa tupu hiyo. Unamuua mtu halafu unamtengeneza mtakatifu ili watoto wako warithi baraka. Tunawajua hao.

Mama Wawili Kigango

Fundi usiharakishe. Mimi ni mkatoliki na mwanangu wa pili somo wake ni huyu Wenseslaus. Watu walianza kumuomba wenyewe, hawakusubiri serikali. Namugongo kule Uganda pia, Kabaka Mwanga hakupanga kwamba tarehe 3 Juni watu watembee kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania kwenda pale alipochomea vijana.

Pasta wa Lubumbashi

Niongeze kidogo. Cosmas anasema usiku ule wa karamu Boleslav alizaliwa mtoto wa kiume, wakamuita Strachkvas, maana yake karamu ya kutisha. Baba alimweka nadhiri awe mtu wa kanisa, akalelewa kwa watawa kule Regensburg. Kuna kitabu cha Kilatini cha maisha ya Václav na Ludmila, mwandishi anajiita Kristián, na wapo wataalamu wanaosema ni huyo huyo Strachkvas. Kama ni kweli basi aliyeandika sifa za marehemu ni mtoto wa aliyemuua. Na mwisho wake nao ni wa ajabu, walitaka kumpa uaskofu wa Prague, mwaka 996 akiwa kwenye ibada ya kuwekwa wakfu akaanguka akafa.

Mlevi wa Ulanzi

Mzee umenipora kipande changu kizuri lakini umekisema vizuri kuliko mimi. Hebu fikiria, Václav kwake ni baba mkubwa. Kijana anaandika "baba mkubwa alikuwa hivi, akauliwa hivi", anajua mkono ulikuwa wa nani.

Sasa twende mjini. Siku yenyewe nilipanda metro ya mstari C mpaka mwisho Letňany, halafu basi. Mji ulishaunganishwa na jirani yake Brandýs mwaka 1960, unaitwa Brandýs nad Labem-Stará Boleslav, ukiandika kwenye bahasha huna nafasi ya stempu. Wote pamoja watu kama elfu 20. Mto Labe unapita katikati, Brandýs upande huu wana kasri lao lililopendwa na kaisari Rudolf wa Pili, mambo ya uwindaji. Kule pia aliwahi kuishi Karl akiwa ofisa kijana wa jeshi la farasi, yule aliyekuja kuwa kaisari wa mwisho wa Austria, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri 2004. Kasri nililipita mbio, sikuwa nimefuata makasri.

Unavuka mto unaingia Stará Boleslav kupitia mnara wa lango la zamani, ukuta ulikuwepo wa enzi za mfalme Karl wa Nne, karne ya 14. Ndani ni kadogo jamani. Unatembea kwa mguu kutoka kanisa la kwanza mpaka la pili kabla soda haijapoa mkononi, sijui niseme kabla haijapata moto.

Kanisa la kwanza ni la Václav mwenyewe. Hili lina kisa. Mwaka 1039 mtawala Břetislav alivamia Poland, akabeba masalia ya Mt. Adalbert, aliyekuwa askofu wa Prague, kule Gniezno akaja nayo Prague, hakuomba mtu. Papa akawaka, na toba aliyopewa ni kujenga nyumba ya Mungu. Akajenga hapa, likabarikiwa 1046. Yaani mji huu hata kanisa lake ni la kesi. Juu limeshapakwa na kupambwa mtindo wa baroko, linang'aa, kawaida tu. Teremka chini.

Chini kuna kanisa la ardhini, nguzo fupi nene, baridi ile ya mawe ambayo haijui kama nje kuna jua. Hii sehemu ni ya Kosma na Damiano. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja na koti la mvua, kashika kofia, hasali kwa sauti wala nini, kaweka kiganja kwenye nguzo kama mtu anayempima mtoto homa. Kakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilienda kuona mahali mtu aliuliwa, nikajikuta natembea kwa vidole.

Hapo jirani kuna kakanisa kengine ka Klementi, ka mawe, ndani kana michoro ya ukutani ya karne ya 12. Kakiwa wazi ingieni.

Bin Seif Tanga

Assalaam alaykum wakuu. Samahani kwa swali. Hiyo hija kwao ni faradhi kama yetu? Naona mnasema kuhiji kuhiji.

Mama Wawili Kigango

Waalaykum salaam shekhe. Hapana, kwetu si lazima, mtu anaenda kwa moyo wake au ana nadhiri.

Bin Seif Tanga

Basi hiyo ni kama ziara tunazofanya kwa mashekhe. Nimekuelewa dada. Endelea mleta mada.

Mlevi wa Ulanzi

Shekhe umeipatia.

Kanisa la pili ndilo linalovuta mahujaji zaidi, la Mama Maria kupalizwa mbinguni, lilianza kujengwa 1617 likabarikiwa 1623. Humo ndo kuna kitu kinaitwa Paladium.

Kidawa wa Makorora

Paladium si ile mall ya Prague pale Náměstí Republiky? Mbona nimeshanunua viatu pale 😅

Mlevi wa Ulanzi

Hahaha dada hata mimi niliuliza hivyo hivyo! Hapana, hii ni sanamu ndogo bapa ya chuma, Mama kambeba Mtoto, imenakshiwa. Ndogo! Nilitarajia kitu cha kuinua shingo. Hata daftari la shule la shilingi mia tano ni kubwa zaidi. Imezungukwa na dhahabu na malaika na mionzi mpaka unaitafuta yenyewe iko wapi, kama bi harusi aliyezidiwa na shela.

Stori yake wanavyosimulia: Methodius, yule mmisionari wa Waslavi, alimpa Ludmila, Ludmila akamrithisha mjukuu, Václav akawa anaivaa shingoni. Siku ya mauaji mtumishi wake Podiven akaifukia isichukuliwe. Miaka mia mbili na ushee baadaye mkulima analima, ng'ombe wakagoma mahali, akachimba akaipata. Akaipeleka nyumbani, asubuhi haipo, imerudi shambani. Wakajenga kanisa palepale. Wataalamu wa sanaa wao wanasema kazi hiyo ni ya mwisho mwisho wa karne ya 15 hivi, kwa hiyo Václav hakuivaa. Niliwaza nisiseme kwa sababu ya Mama Wawili lakini ndo hivyo.

Mama Wawili Kigango

Sema tu mwanangu, imani yangu haijakaa kwenye chuma.

Mlevi wa Ulanzi

Amina mama.

Ila hako kachuma kamepitia mambo. Vita ya miaka thelathini, 1632 wanajeshi wa Saksonia wakakaiba wakaondoka nako, kakarudishwa 1638 baada ya kukombolewa kwa pesa nyingi. Mwaka uliofuata Waswidi wakaupiga mji wakauchoma. Katikati ya hizo shida ndo kakapata hilo jina Paladium, limetoka kwenye ile sanamu ya mji wa Troya ambayo ikiwepo mji hauanguki. Wacheki wakasema yetu ni hii, ngao ya nchi.

Na kati ya 1674 na 1690 wakajenga njia ya mahujaji toka Prague, vikanisa 44 kando ya barabara, kila kimoja ni cha kupumzika na kusali. Wazo la Mjesuiti anaitwa Jan Tanner. Leo vilivyobaki ni vichache, barabara na magorofa vimevila. Kuna kimoja nilikiona dirishani kwenye basi, kimesimama peke yake mji umekizunguka, basi likasimama sekunde mbili kwenye taa tukakipita.

Otieno Kibandaski

Na Wacheki si ndio wanasemanga hawaamini Mungu? Nani anaenda huko sasa?

Mlevi wa Ulanzi

Swali zuri mkuu. Sensa ya 2021 karibu nusu ya nchi waliandika hawana dini. Lakini toka mwaka 2000 tarehe 28 Septemba ni sikukuu ya taifa, siku ya dola la Czech, na siku hizi sheria inafunga maduka makubwa siku hiyo. Ijumaa Kuu maduka yapo wazi! Mtakatifu wa karne ya 10 wanamfungia duka, kifo cha Yesu wanauza nyama. Sijaelewa mpaka leo. Yule jamaa wa ghalani haendi kanisani hata kwa dawa, lakini ukimwambia neno baya Václav atakununia wiki.

Siku ya sikukuu misa inakuwa nje, kwenye uwanja kati ya makanisa, maaskofu wamejaa, bendera, wanajeshi, wanasiasa mstari wa mbele wamekunja mikono. Fuvu la Václav lenyewe linaletwa kutoka Prague, limevalishwa taji, linapitishwa kwenye maandamano. Papa Benedikto wa 16 naye aliongoza misa mjini hapa 28 Septemba 2009. Mimi fuvu lilinipita kama hatua tatu. Mtoto mmoja mgongoni kwa baba yake akauliza kitu kwa sauti, watu wote wakacheka, nikamuuliza dada wa pembeni kasemaje, akanitafsiria: kauliza kwa nini amevaa kofia na hana nywele.

Fundi Cherehani

Huyo mtoto apewe uaskofu.

Jongwe la Chalinze

Chakula je? Mnatembea na njaa tu?

Mlevi wa Ulanzi

Hapo ndo nilipopata jina langu jipya. Kuna soseji, kuna maandazi yao ya duara yenye jibini au jamu katikati wanaita koláče, na Septemba kuna kitu kinaitwa burčák. Juisi ya zabibu iliyoanza kuchachuka, nyeupe ina ukungu, tamu kweli. Wa Iringa na Njombe mtanielewa: ni ulanzi wa asubuhi, ule mtogwa kabla haujawa mkangafu. Kuna uhusiano na marehemu pia, masimulizi yanasema usiku alikuwa anatoka kisirisiri kuvuna zabibu na kukamua mwenyewe divai ya misa, ndo maana wakulima wa zabibu wanamchukulia ni wao.

Mama muuzaji alinijazia chupa ya plastiki ya lita, kabla ya kunipa akachukua msumari akatoboa kizibo. Nikaona ananiharibia, nikamuomba kizibo kizima. Akaniangalia, akabadilisha, akasema neno moja sikulielewa.

Kwenye basi kurudi Prague chupa iko kwenye begi miguuni. Karibu na Letňany nikasikia PAAA. Basi zima likainama. Begi linatoa povu, suruali yangu povu, viatu vya jirani povu. Yule jirani, mzee mwenye koti la mvua niliyemkuta kule chini kanisani, akatoa leso taratibu, akafuta kiatu kimoja, akafuta cha pili, halafu akanipa leso.

Bin Seif Tanga

😂😂😂 Ndo malipo yake hayo.

Kidawa wa Makorora

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Mimi naja Prague Septemba kwa mafunzo ya wiki tatu, nitakwenda. Nipande basi gani?

Mlevi wa Ulanzi

Metro C mpaka Letňany, hapo yapo mabasi ya Brandýs, angalia kibao kimeandikwa STARÁ. Sio Mladá dada yangu. Stará. Na kizibo mwache akitoboe.